Mizeituni ya Kitabuni

Chupa ya mafuta ya zeituni jikoni kwangu, hapa Dar, imechorwa mti uliopinda kama mkorosho mzee. Kila nikiishika nasikia harufu ya moshi wa maganda ya korosho, uani kwa bibi, kijijini Nyangamara.

Bibi alikuwa akibangua korosho, vidole vyeusi kwa utomvu, nami nikimsomea kitabu changu cha jiografia cha shule. Ugiriki ni nchi ya milima na visiwa. Watu hutandika nyavu chini ya mizeituni, kisha huipiga kwa fimbo.

“Wanaipiga?” bibi akaguna. “Korosho tunaisubiri idondoke yenyewe.”

Nikaendelea: vijana wao wengi wamehamia mijini.

Bibi akaacha kubangua. “Sasa nani anaokota, mjukuu wangu?”

Nikafunua ukurasa uliofuata, nikatafuta jibu mpaka chini. Halikuwemo.