Miwani ya Batuli Katika Mvuke wa Pilau

Enzi za Wadachi, kabla ya vita kuu, ilikuwa nadra kusikia harusi ya Waswahili pale Rumonge, kando ya ziwa, iliyopikwa na mtu mwingine ila Batuli binti Maneno. Macho yake yalikuwa mabovu tangu utotoni. Watu aliwatambua kwa sauti na mwendo, na wali aliupika kwa pua na kwa sikio.

Mwaka mmoja mumewe Asmani, aliyekuwa akipeleka mawese Ujiji kwa mtumbwi, alisafiri naye. Katika duka la Mhindi kulikuwa na kikapu cha miwani. Batuli akajaribu hii na ile, mpaka moja ikamkubali. Akageuka, akamtazama mumewe aliyesimama mlangoni.

"Asmani! Kumbe una mvi?"

"Nilidhani unajua, unanisitiri tu!"

Mhindi alicheka mpaka akashika mbavu. Njia nzima ya kurudi Batuli hakuchoka kutazama: milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, ndege, hata magamba ya dagaa.

Lakini jikoni miwani ilimwangusha. Kila alipofunua sufuria, mvuke ulipanda na vioo vikawa vyeupe pee. Afute, vizibe tena. Alijaribu ndimu, wapi. Alijaribu majivu, vioo vikaanza kukwaruzika. Mwishowe akawa anaivua kila akiingia jikoni, na kurudi kwenye ukungu wake wa zamani.

Ikafika harusi ya Samiha. Huyu alikuwa mtoto wa marehemu dada yake Mariyamu, na Batuli ndiye aliyemlea tangu ananyonya. Bibi harusi angepita uani akipelekwa kwa mumewe, saa ileile ya kupakua pilau, na mpishi haachi sufuria yake.

"Nitampungia mkono mtu nisiyemwona," Batuli alimlalamikia Asmani.

Asubuhi ya harusi, akiwa bado uani anamimina mawese, miwani ilimchomoka ikatumbukia ndani ya chungu. Akaiopoa, akachukua kipande cha sabuni ya nyumbani, ile inayopikwa kwa mawese na maji ya majivu, akavisugua vioo. Kabla hajaisuuza, ngoma zikalia nje.

"Yaya Batuli! Wageni iko mlangoni, na wali?" akaita Sheikha, mama wa bwana harusi, aliyemheshimu kama dada mkubwa.

Batuli akaifuta miwani hivyo hivyo kwa pindo la kanga, akaisugua mpaka vioo vikang'aa, akaivaa na kukimbilia sufuria bila kukumbuka kuivua. Akafunua. Mvuke ukampiga usoni.

Aliona punje za wali, moja moja. Aliona iliki na vipande vya mdalasini. Akapiga ukelele.

"Umeungua?" Sheikha akaja mbio.

"Ninaona! Mvuke haushiki!" Akafunika, akafunua, akafunika tena, akafunua.

"We mama, utatuharibia pilau!"

Wakati huo Samiha akatokea uani, ushungi umeinuliwa kidogo, wanja machoni, hina mikononi. Batuli alimwona katikati ya mvuke mzito, mpaka tone la jasho juu ya mdomo.

"Mama mudogo, unalia?" Samiha akauliza.

"Nalia nini? Nakutazama! Mwanangu, umependeza kupita kiasi."

Samiha akamkumbatia pale pale, nguo za harusi na masizi vikagusana, Sheikha akashika kichwa, na wanawake wote wakapiga vigelegele.

Batuli alitambua kuwa sabuni isiyosuuzwa ndiyo iliyouzuia mvuke. Tangu siku hiyo, kila alipotaka kupika, alipaka sabuni kavu kidogo tu juu ya vioo, akavisugua kwa kitambaa laini mpaka alama zote zipotee. Nahodha Kassimu, aliyekuwa na darubini iliyomsumbua kwa ukungu wa alfajiri, alikuja kufundishwa, akaondoka akiwa na kipande cha sabuni mfukoni na sahani ya pilau mkononi. Batuli aliendelea kupika hadi uzeeni, na alipenda kuwaambia wanawake waliomsaidia wafunue sufuria polepole, wautazame wali kabla ya kuupakua.