Damu ya Bwana Rudi

Turubai likilowa mvua lina harufu yake, ya ukungu na ya kitu kilichofungiwa muda mrefu. Nikiinusa popote, hata leo nikiwa mtu mzima mwenye wajukuu, miguu yangu hutaka kukimbia. Usinicheke kabla sijamaliza.

Ilikuwa mapema miaka ya themanini, nami nilikuwa darasa la tatu. Mzungu mmoja alikuja na Landrova kutoka Kitale, akapiga hema la turubai kando ya kijito tulichochota maji, upande wa Kamukuywa. Alikuwa mrefu, mwembamba, ndevu zake kama za hindi bichi. Jina lake lilikuwa Rudi. Sisi watoto tulicheka sana: mtu gani huyu anaitwa Rudi hata kabla hajaenda?

Kicheko hakikudumu. Kila asubuhi alipigilia vigingi ardhini, vichwa vyake vimepakwa rangi nyekundu. Kisha alichota maji ya kijito kwenye vichupa, akavielekeza juani, akavitazama kama mganga, akavifungia sandukuni. Mvua ikinyesha maji yetu huwa mekundu kwa udongo, hilo tulilijua. Lakini kwa nini mtu avuke bahari aje afungie tope ndani ya sanduku? Nyanya yangu, tuliyemwita Kukhu, alitema mate pembeni akasema, "Mgeni asiyesema anatafuta nini, anakutafuta wewe."

Basi naibu wa chifu akaitisha baraza ili mgeni aseme. Alimtambulisha haraka haraka, akapanda pikipiki kwenda mazishini Kimilili, akatuachia Bwana Rudi na Kiswahili chake.

"Wananchi," Bwana Rudi alisema akitabasamu, "mimi nataka damu. Hapa, damu kubwa sana!"

Mama mmoja alimvuta mwanawe akamfunika kwa leso.

"Ng'ombe watakunywa damu. Watoto watakunywa damu. Kila nyumba italeta mtu mmoja kwa kazi ya damu."

"Ati watoto watakunywa nini?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Damu! Bure kabisa!"

Tulikuwa tumelelewa na hadithi za watu wanaozunguka na magari wakinyonya damu za wenzao ili wakaziuze ng'ambo. Sasa mmoja wao alikuwa amejitangaza mwenyewe, tena barazani. Wiki ile shule ilibaki na nusu ya watoto. Kijitoni tulienda kwa makundi, wakubwa mbele na nyuma. Vigingi viling'olewa, naye akavipigilia upya huku akipiga mluzi. Ule mluzi ndio uliotuthibitishia ubaya wake.

Jumamosi moja niliteleza kwenye jiwe nikiwa na mtungi wa maji, goti likapasuka. Wenzangu walitimka. Kabla sijainuka, Bwana Rudi alikuwa amepiga magoti mbele yangu. Alifuta jeraha kwa pamba, taratibu, akalifunga kitambaa. Halafu, na hili nililiona kwa macho yangu, akaitia ile pamba nyekundu ndani ya mkebe na kuufunika.

Nilikimbia nikipiga mayowe hadi njia panda. "Amechukua damu yangu! Ameweka kwa mkebe!"

Haikupita muda vijana wakawa wanateremka bondeni na marungu na mapanga, kaka yangu Wafula akiwaongoza. Mkononi Wafula alishika chupa ya mafuta ya taa, na kila mtu alijua ni ya kuchomea hema. Mama alikuwa shambani anapalilia. Alitupa jembe, akanishika mkono, akawapita wote, akawa wa kwanza kumfikia Mzungu.

"Bwana," alisema, "mtoto wangu ametoka damu hapa. Na wewe hiyo damu unatafuta, iko wapi?"

Uso wa Bwana Rudi uling'aa. Tangu aje, hakuna aliyekuwa amemwuliza swali. "Damu? Itakuwa hapa!" Akatanua mikono juu ya bonde zima. "Kutoka mti huu mpaka mti ule!"

"Si mumesikia!" Wafula alifoka. "Amekubali mwenyewe!"

Mama hakugeuka. "Hebu fanya kwa mkono, nione."

Aliingia kijitoni na viatu vyake, akarundika mawe na tope kukatiza maji. Maji yalisimama, yakatanda, yakaanza kupanda. Akaelekeza kidole kwenye lile dimbwi. "Damu," akasema.

"Hiyo ni bwawa, bwana." Mama akafungua kitambaa gotini pangu. "Damu ni hii."

Bwana Rudi alieleza kwa shida. Rafiki yake, Mzungu mwenzake aliyeishi Kitale miaka mingi, alimwambia Kiswahili ni rahisi: ukikosa neno, chukua la Kiingereza ulibandike irabu mwishoni. Benki, soksi, koti, yote yalikuwa yamekubali. Bwawa kwa Kiingereza ni dam, naye akabandika u. Kama rafiki yule alikuwa akimtania, sijui. Bwana Rudi alianza kuyakumbuka maneno yake ya barazani. "Watoto... watakunywa..." Akaziba mdomo kwa mkono uliojaa tope.

Kukhu ndiye aliyeanza kucheka, na watu wakamfuata.

Mama hakucheka. "Leta pamba," akasema. Mkebe ulifunuliwa: maganda ya viazi, majani ya chai, na pamba yangu juu. Mama aliitoa akaiweka kwenye jiwe, akamnyang'anya Wafula ile chupa, akaimwaga yote mpaka tone la mwisho, akawasha kiberiti. Moto mkubwa kwa kipande kidogo namna ile! Nilidhani anaiogopa pamba kama nilivyoiogopa mimi.

Bwawa lilijengwa. Nilikuwa tayari na watoto wangu nilipomwuliza Mama habari za siku ile.

"Pamba?" akasema. "Mimi nilitaka yale mafuta yaishe."

"Kwa hivyo ulimwamini yule Mzungu?"

"Kumwamini wapi! Hata bwawa lilipojaa, nilikunywa mimi kwanza, nikangoja mpaka kesho yake, ndipo nikawapa nyinyi."