Wimbo wa Tisa

Daktari wa meno alimpa baba yangu wiki mbili. Jino la mbele lilikuwa linacheza na la jirani lilikuwa njiani kulifuata. Yatang'olewa yote mawili, alisema, bila kujua kwamba anamwambia mpiga tarumbeta kuwa kazi imekwisha. Midomo ya mpigaji huegemea meno. Meno yakiondoka, sauti nayo huondoka.

Ujanani baba alipiga katika bendi ya dansi Mombasa. Kiongozi wao aliipenda jazi ya zamani iitwayo swing, ya bendi kubwa na watu kucheza wawili wawili, akawafundisha kutoka kwenye santuri. Dunia ilikuwa imeshaihama, wao wakaing'ang'ania. Sasa baba ni mzee wa Tarasaa mwenye migomba yake na masikio mazito, na alitaka kitu kimoja tu: arekodi nyimbo nane za enzi ile, na wa tisa aliotunga mwenyewe kwa mtindo huohuo alipomposa mama. Huo haukuwahi kurekodiwa. Tangu tumzike mama kule Golbanti, nami nikiwa mdogo, hakuupiga tena.

Studio yetu ya Garsen ni chumba nyuma ya duka la simu, kuta zimebandikwa magodoro makuukuu. Mwenyewe ni Msomali wa makamo, hurekodi nyimbo za harusi na za kampeni. Aliweka ngoma na besi kwa kinanda, baba akapiga juu yake. Siku ya kwanza nyimbo nane zilikwisha. Wa tisa ukabaki.

Siku ya pili niliipanga mimi, bintiye. Mimi ni mwalimu, na napenda kupanga watu kuliko wanavyopenda kupangwa. Adhana ya alasiri ilipoanza tulikaa kimya, ilipokwisha nikasema, "Baba, sasa." Kila mkaazi wa Garsen anajua kwamba msikiti wa sokoni ukimaliza, wa ng'ambo ya barabara ndiyo kwanza unaanza. Nami nilijua. Haraka yangu ndiyo iliyonisahaulisha.

Adhana hiyo ya pili ilimkuta katikati ya wimbo, ikapenya magodoro waziwazi. Baba hakuisikia. Alifumba macho akapiga hadi mwisho, kisha akashusha tarumbeta akatabasamu. Sikuwa nimemwona akitabasamu vile tangu utoto wangu.

Mwenye studio alivua vifaa vya masikioni.

"Mwalimu, imeingia," alininong'oneza.

"Ifute."

"Wacha ikae tu humu. Mzee apumzike, kesho apige tena, tutachagua."

"Dansi juu ya adhana? Watu wakiisikia watasemaje? Futa."

Yeye ndiye Mwislamu, mimi ni mtu wa kanisa, na mimi ndiye niliyejifanya nina adabu kumzidi. Alinitazama kidogo, akafuta.

Nikamwambia baba turudie. Hakuuliza kwa nini. Alipiga sauti ya kwanza, na kabla ya kufika ya tatu jino likatoka. Alilitema kiganjani pamoja na damu, akalitia mfuko wa shati. Mwenye studio akasema kinanda chake kina sauti ya tarumbeta, anaweza kumalizia. Baba alitikisa kichwa, akaipangusa tarumbeta polepole na kuirudisha sandukuni. Nilijichukia pale pale, na bado sijaacha.

Juzi nilimpelekea Tarasaa nyimbo zake nane kwenye simu. Alisikiliza akiwa ameibana sikioni, zikaisha, akaendelea kuibana.

"Ule wa mama yako," alisema hatimaye, maneno yakimponyoka kwenye pengo. "Ile mara ya kwanza. Mimi siku hizi sisikii vizuri ninachopiga. Ulitoka vipi?"

"Ulitoka vizuri sana, baba."

"Pale katikati huwa namwita mama yako. Ilisikika?"

Katikati ndipo adhana ilipoingia. Tangu hapo sikusikiliza kitu kingine. Nilikuwa naomba tu iishe.

"Ilisikika," nikasema.

Alifurahi. Alinisogelea, akaniwekea mkono begani.

"Basi niimbie hapo tu, mama. Nisikie nilivyomwita."

Sauti pekee niliyoikumbuka hapo ilikuwa ya adhana. Alingoja kidogo, kisha akanirudishia simu.