Uji wa Anakleti

Jirani yangu Josepha, wa hapa Ntalikwa, anamuuguza mumewe Anakleti, mwenye saratani ya koo. Daktari alisema asipoongeza uzito matibabu yatasimama, basi kila baada ya saa mbili humnywesha uji wa karanga, kijiko kwa kijiko. Lakini wageni wa kumjulia hali hawakomi, na kwetu mgeni lazima apikiwe ugali. Juzi uji uliungua akiwahudumia. Jana wifi yake Demetria alipoingia tu, Josepha akamkabidhi mwiko.

"Wifi, siku hizi mgeni anajipikia?"

"Anajipikia, wifi yangu. Na kuni ziko nje, usizikimbie."

Demetria akacheka, akajifunga kanga kiunoni. Tulikula ugali wake wenye madonge tukimshukuru Mungu, maana Anakleti alimaliza kikombe.