Darubini Kubwa Niliyomnunulia Mkwe Wangu

Siku ile pale Tororo tulikuwa watu watano, dukani kwa Haji mmoja anayetengeneza saa na kamera. Mimi. Binti yangu wa tatu, aliyeolewa ng'ambo ya kijito, huku huku Bulumbi. Mume wake, yaani mkwe wangu. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, aliyeolewa Paya na anayeijua Tororo kuliko sisi sote, au ndivyo anavyodai. Na Haji mwenyewe, ambaye si ndugu yetu kwa lolote, ila baba yake ndiye aliyemuuzia mume wangu saa yake ya kwanza. Majina yao wote ninayo, na ya watoto wao, hata jina la mbuzi niliyemuuza kwa ajili ya safari ile. Lakini kwetu mkwe hatajwi jina, na nikiwataja wengine nikamruka yeye peke yake, itakuwa kama nimemwacha nje kwenye mvua. Basi wote wakae bila majina.

Mkwe wangu alikuwa askari wa tumbili wa gombolola yetu, yaani tarafa. Asiyelima anaweza kucheka, lakini mimi nalima karanga chini ya kichaka wanacholala tumbili, na sijacheka. Tumbili hali karanga akashiba akaenda. Anang'oa mche, anautikisa, anautupa, anang'oa mwingine. Kwa miaka kumi na minne mkwe alizunguka mashamba yetu na bunduki ya serikali, ya zamani, ya mbao, inayoingia risasi moja moja. Hakuua wengi. Aliua mmoja, na kundi zima likahama kwa wiki mbili.

Halafu macho yake yakaanza kufifia. Alikosa mara ya kwanza, watu wakasema upepo. Alikosa mara ya pili, wakasema pombe, na mtu huyu hanywi hata ya msibani. Gombolola wakatangaza kwamba askari wote watapimwa shabaha, na atakayekosa atarudisha bunduki. Juu ya bunduki yake palikuwa na kishikizo cha darubini ya zamani iliyokwisha kuvunjika. Akaomba nyingine. Wakamwambia pesa hakuna, anunue mwenyewe, wakamwandikia barua ya kumwonyesha muuzaji. Kwa hiyo kazi yake ilikuwa imening'inia kwenye kipande cha kioo, na karanga zangu pamoja nayo.

Yeye hakuwa na kitu, watoto walikuwa wamerudi shule juzi tu. Mimi nilikuwa na mbuzi.

Sasa lazima nieleze jambo moja kwa wale wasio wa kwetu. Mama mkwe na mkwe hawakai chumba kimoja. Hawatazamani usoni, hawasemezani, hawapeani kitu mkononi, hawali pamoja. Na kitu mama mkwe akikitoa, mkwe hakikatai wala hakirudishi. Ndiyo heshima yenyewe. Basi pale Tororo tulifanya hivi: yeye aliingia dukani kwanza pamoja na binti yangu, mimi na wifi tukasubiri kwa muuza magodoro duka la pili. Akitoka, ndipo niingie nilipe.

Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka alipita akiwa ametazama ukutani, akavuka barabara, akasimama ng'ambo akatupa mgongo. Tukaingia.

Haji alikuwa ameziweka mbili juu ya kitambaa. Moja fupi, ya chuma, imechubuka rangi kama sufuria ya miaka mingi. Nyingine ndefu, nyeusi, inang'aa, ina pete ya kuzungusha yenye namba.

"Baba watoto anasema ile ndogo inatosha," binti yangu akasema.

Wifi akanigusa na kiwiko. "Umesikia huyo? Inatosha! Mkwe mwenye adabu utamjua tu. Ungemwekea kuku mzima angesema shingo inatosha."

Nami nikaona ni kweli. Mkwe gani atasema mbele ya mke wake kwamba mama mkwe anunue kile cha bei kubwa? Mkwe anayekimbilia kikubwa ni mlafi. Nikamwambia binti yangu, "Nenda kamuulize tena. Mwambie pesa ipo."

Haji akacheka. "Mama, si mumpigie simu?"

"Na kwa simu sauti itakuwa ya nani, Haji? Ya ng'ombe?"

Binti akavuka barabara kati ya malori, akarudi anahema. "Anasema ile ndogo inatosha, mama. Anasema asante."

Mara mbili. Mtu wa adabu hukataa mara mbili. Nikamwambia Haji anipe zote mbili nitazame mwenyewe.

Tulitoka mlangoni. Kutoka pale mwamba wa Tororo unaonekana wote, umesimama juu ya mabati ya mji. Niliweka ile ndogo jichoni, mwamba ukasogea kidogo, kama mtu aliyeitwa na hana haraka. Niliweka ile kubwa, Haji akazungusha pete, na jamani! Niliona ngazi za juu kule, na mtu amevaa fulana nyekundu akipanda. Niliona anajikuna mgongo! Mimi, na umri huu!

"Hii," nikasema.

Haji akasita. Hapo nataka mnisikilize vizuri, maana hapo ndipo ninapokasirika mpaka leo. Alisema, "Mama, hiyo imetengenezewa bunduki ya upepo, ya kupigia ndege. Ile ndogo ni ya bunduki ya risasi. Ni kuukuu, lakini ni ya kazi."

Mimi nilisikia nini? Nilisikia Haji ametazama kandambili zangu akaona mwanamke wa kununua vitu vizee. Wifi naye alisikia hivyo hivyo, maana alisema, "Haji, pesa ya Bulumbi ina harufu?"

Pesa ya mbuzi haikufika. Nikafungua fundo la leso, nikatoa iliyokuwa ya kubadilisha mabati mawili yanayovuja juu ya kitanda changu. Nikalipa. Binti yangu akaivusha barabara imefungwa kwenye gazeti. Mkwe akaipokea kwa mikono miwili, akainama kuelekea upande wetu bila kugeuka. Nikaona, tazama, amefurahi.

Siku ya kupimwa tulisimama nyuma ya jiko la gombolola, mimi na wifi, tukichungulia. Karatasi ilibandikwa kwenye kichuguu, hatua kama hamsini. Kila askari risasi tano. Mkwe akalala chini, akaweka jicho, akakaa. Akakaa sana. Sasa najua kwa nini: ile darubini ilileta mbali karibu, lakini kilicho karibu ilikifanya ukuta. Aliona udongo tu wa kichuguu, hakujua ni upande gani. Na ili aone hata huo udongo, ilibidi abandike jicho kwenye kioo.

Alipofyatua, bunduki ikarudi nyuma na darubini nayo, ikampasua juu ya nyusi. Damu ikashuka mpaka kwenye ndevu. Watu wakapiga kelele. Akajifuta na mkono wa shati, akapiga ya pili, ya tatu. Baadaye binti yangu alinieleza kwamba ule msalaba mdogo wa kulengea, ulio ndani ya darubini, ulikwisha kulala ubavu baada ya risasi ya kwanza. Karatasi ilibaki nyeupe kama ilivyoletwa.

Bunduki akapewa mwanamume wa parokia ya juu, yaani kata ya huko mlimani, ambaye shamba lake halina hata tumbili mmoja.

Kesho yake nilirudi kwa Haji. Ile ndogo ilikuwa imenunuliwa na askari mmoja wa gombolola ya Kwapa. Haji hakusema neno la kunisuta, na heri angesema. Alininunulia soda.

Tumbili walijua kabla ya watu. Ndani ya siku nne walikuwa ndani ya karanga. Asubuhi ya tano nikasikia debe linapigwa. Nikatoka na jembe langu. Mkwe alikuwa mwisho wa shamba, bandeji usoni, anapiga debe kwa fimbo, amenipa mgongo kama inavyotakiwa. Akarudi kesho yake, na kesho kutwa.

Siku ile ya tatu sikuweza. Binti yangu hakuwepo wa kubeba maneno. Nikageuka nikatazama kijito, nikasema kwa sauti, mara ya kwanza tangu amuoe:

"Mkwe. Mbona hukusema kubwa haifai?"

Debe likanyamaza.

"Nilisema, mama. Nilisema ndogo inatosha."

"Nilidhani ni adabu."

"Nami nilidhani ukisikia mara mbili utajua."

"Na baada ya hapo? Ulishindwa kuirudisha?"

"Ningeirudishaje, mama? Ilikuwa imetoka kwako."

Akaanza kupiga debe tena. Mimi nikainama nikaendelea kupalilia miche iliyobaki. Mvua ikinyesha bado navuta kitanda mpaka katikati ya nyumba. Darubini ameitundika sebuleni kwake, naambiwa anaipangusa vumbi.

Kama ulikuwepo siku ya shabaha na unaona nimekosea, labda risasi zilikuwa nne, labda karatasi ilikuwa kwenye mti, njoo uniambie, sitanuna. Wifi yangu anasema Haji hakutuonya kabisa. Kama yeye ndiye anayekumbuka vizuri, nirekebisheni hapo pia. Lakini ile "ndogo inatosha" msiniguse. Hiyo niliisikia vizuri, mara mbili.