Hiari ya Mume Wangu

Sifa ni zake Mungu, aliyetuumba bila kutuuliza, kisha akatuuliza kila kitu kingine. Namshukuru kwa pumzi hii, kwa macho ambayo bado yanaiona karatasi, na kwa subira yake, ambayo sikuisoma tu mahali bali niliiona kwa karibu, ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Hiyo ndiyo nataka kuisimulia.

Mume wangu alikuwa fundi wa reli. Tulishuka Mombasa kutoka Ukambani tukiwa vijana, yeye akiwa amepata kazi ya kutengeneza mabehewa, nami nikapata ya kufundisha watoto wadogo katika shule moja ya Ganjoni. Watoto wetu tuliwalea Tudor, katika nyumba ya ghorofa ambayo madirisha yake ya nyuma hupokea upepo wa mkono wa bahari, na humo ndimo tulimozeekea. Kila Jumapili nilikwenda kanisani na watoto. Yeye alitusindikiza hadi kwenye lango, akanikabidhi mwavuli au mtoto aliyelala, akarudi zake. Hakuwa mlevi, hakuwa mkali, wala hakuwahi kuicheka imani yangu. Ukimuuliza atakuambia anamwamini Mungu. Lakini kuingia hakuingia.

Watu wa kanisa walinipa pole kana kwamba nimefiwa. "Tunamwombea mzee, mama," walisema, nami nikaitikia amina. Nilimwombea miaka mingi, hata maneno yakaniishia. Mwishoni nilikuwa namtaja tu mbele za Mungu, kisha nanyamaza.

Baada ya kustaafu, jioni moja tukila, akasema huku akitoa miiba kwenye samaki, "Mwambie mchungaji aniandike kwenye hilo darasa lenu."

"Darasa lipi?"

"La ubatizo. Si ndilo unalolitaka?"

Nilisikia sehemu ya kwanza ya maneno yake. Ya pili ilinipita, kwa jinsi moyo ulivyoruka.

Mwalimu wa darasa hilo nilikuwa mimi. Akaja, akaketi nyuma kabisa, karibu na dirisha, akasikiliza kama alivyokuwa akisikiliza gurudumu lenye kasoro, kichwa kimeinama upande. Siku tuliyofundishana habari za bustani ya kwanza, na mti uliokatazwa, akainua mkono.

"Mwalimu," akaniita, na darasa zima likacheka. "Mungu alijua kwamba watakula?"

"Alijua."

"Na hakuweka hata seng'enge?"

"Hakuweka."

"Mimi ningeweka. Kwenye reli, kila penye hatari pana kizuizi."

"Reli haihitaji kupendwa, mzee," nikamjibu.

Hapo hakucheka. Aligeuka kutazama nje. Nilijibu upesi, kama mwalimu anavyojibu, na jibu lile nikaliacha pale pale darasani. Sikujua kwamba yeye alilibeba.

Kanisa letu huwazamisha watu baharini. Mtu mzima huingia na joho jeupe, mchungaji na msaidizi humshika, akazama mwili mzima, akainuliwa. Baraza la wazee likapanga siku, Jumamosi asubuhi, pale Tudor penye ufukwe mdogo. Tulipanga mahema, tukapanga nyimbo, tukapanga nani atapika pilau. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza habari za maji. Karibu sote ni watu wa bara. Tunaweza kunusa mvua ikiwa bado iko mbali, lakini bahari tunaishi nayo kama jirani tusiyemwamkia. Basi tukateremka ufukweni na ngoma na majoho yetu, na bahari haikuwepo. Palikuwa na tope, mawe yenye kijani, na kaa wadogo wakikimbilia mashimoni. Maji yalikuwa kule katikati, membamba, yakimetameta.

Mama mmoja Mswahili aliyekuwa akikaanga viazi vya karai kando ya njia akaacha mwiko hewani.

"Jamani, hizo kanzu mwenda kuzifulia tope?"

"Tumekuja kubatiza, mama," akasema mchungaji wetu, kijana aliyekuwa amehamishiwa Mombasa karibuni.

"Kwa maji gani, mwanangu? Leo ni bamvua. Siku hizi bahari hutoka yote, ikirudi yarudi na nguvu zake. Hamna jirani wa kumuuliza? Na hawa wazee wako, wallahi, nawaona hapa tangu sijaolewa!"

Wazee wakatazama viatu vyao.

"Yatarudi saa ngapi?" mchungaji akauliza.

"Kutwa kucha yenda na kurudi, hayajapotea bado. Ketini. Nunueni viazi."

Tukaketi. Kwaya iliimba hadi sauti zikakauka, kisha nao wakaketi, na watu wakaanza kuzungumza habari za shule na bei ya mafuta ya kupikia. Mume wangu alikuwa juu ya ukuta mfupi, ndani ya joho jeupe, miguu mitupu, akitazama mahali ambapo maji yangepaswa kuwa. Nilimpelekea viazi na ukwaju wake. Hakuvigusa.

"Mama watoto, keti. Nataka kukuambia kitu, na usilie."

Nikaketi.

"Nilipokuwa mdogo kule nyumbani, shule haikumpokea mtoto asiyebatizwa. Tulipangwa mstari, tukamwagiwa maji, tukapewa majina, tukaingia darasani. Hakuna aliyeniuliza. Mara ile nilibatizwa ili nipate dawati. Leo nabatizwa ili wewe upate raha. Sasa kwa ajili ya Mungu mwenyewe nitabatizwa lini?"

Majibu nilikuwa nayo. Mtu hafundishi darasa hilo miaka yote bila kuwa na majibu. Niliwatazama watoto wetu waliokuwa wamesafiri kutoka Nairobi waje kushuhudia, wamekaa chini ya hema na simu zao tayari kwa picha. Niliwaona wale walionipa pole, leo wamevaa vizuri kwa ajili yangu. Na nilijua jambo moja kwa hakika: nikimwambia tu "tafadhali," angeingia. Angezama na kuinuka, watu wangepiga vigelegele, na mwenye kutumikiwa siku ile ningekuwa mimi.

Nilikumbuka watoto wangu wa Ganjoni. Wakipigana nilikuwa nikimshika mmoja bega na kumwambia, "Mwambie mwenzako pole." Akasema pole, uso umegeuka. Lakini mara moja moja mtoto alikuwa akirudi mwenyewe, hakuna aliyemtuma, akamwekea mwenzake mkononi kipande cha embe, wala asiseme neno. Wakati huo mimi nilikuwa nikijifanya sioni, maana kukitazama tu niliona kama ni kukiharibu.

"Basi usiingie," nikamwambia.

"Hutaona haya?"

"Nitaona."

"Na nikifa hivi hivi, huogopi?"

"Naogopa sana. Lakini Mungu akikuita wewe, siwezi kukuitikia mimi."

Akanishika mkono, jambo ambalo watu wa umri wetu hatulifanyi hadharani. Kisha akasimama, akalivua joho, akalikunja vizuri, akampelekea mchungaji. Minong'ono ikaenea chini ya hema. Mzee mmoja wa baraza akamfuata, akamwambia, "Mzee mwenzangu, angalia shetani asikuibie siku yako."

"Shetani hajanisemesha leo," mume wangu akajibu. "Nimesema na mke wangu tu."

Watu wakacheka, hata yule mzee. Mimi sikuweza.

Alasiri maji yakaja. Nimeishi kisiwani hapa sehemu kubwa ya maisha yangu, na siku ile ndipo nilipoyatazama kwa mara ya kwanza yakija. Hayakufanya kelele. Yalipenya kati ya mawe, yakajaza nyayo tulizoacha, yakafunika mashimo ya kaa moja baada ya jingine, na hakuna aliyekuwa akiyavuta. Nilishikwa na hofu, ile hofu njema inayomfanya mtu ashushe sauti. Nikawaza: anayeiamuru bahari yote hii, nayo ikamtii bila kubisha, amekaa karibu na fundi mmoja wa reli aliyestaafu, anamsubiri aseme ndiyo au hapana, na ile hapana yake ataiheshimu. Bahari haina neno la kumpa. Mume wangu analo.

Chini ya maji tope lilikuwa linateleza. Wa kwanza kuingia alikuwa bibi mzito, na alipoteleza nusura aanguke pamoja na mchungaji. Kabla hatujajua la kufanya, mume wangu alikuwa amekunja suruali na kuingia, akawa msaidizi. "Nishike hapa, shangazi. Hapo pana jiwe, hapo panazama, pita huku." Akasimama maji yakimfika kiunoni hadi yule wa mwisho alipotoka. Aliwashika mikono wote, akawapeleka, akawarudisha. Wote walizama isipokuwa yeye. Niliona vile alivyoinamisha kichwa kila mara mchungaji alipotaja jina la Mungu, na sikujua kama anaomba au anaangalia miguu ya watu.

Nyumbani hatukulizungumza tena. Baadhi ya watu kanisani waliona nimemwacha apotee, na wengine waliniambia hivyo. Watoto walirudi Nairobi wakiwa wamenuna. Masika yakaja, yakapita. Naye akaanza kuamka kabla yangu, na siku nyingine nikiwa bado kitandani nilimsikia sebuleni akisema na Mungu kwa Kikamba, taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya kitu anachokusudia kweli kukinunua. Sikuamka. Niliogopa hata kukohoa.

Kisha siku moja ya katikati ya juma nilikwenda Marikiti kununua viungo, nikapitia Mji wa Kale kumjulia hali rafiki yangu aliyekuwa mgonjwa, nikachelewa. Niliporudi nilikuta shati lake na suruali yake ya kazi vimeanikwa kwenye kamba ya baraza, vikichuruzika, na mchanga umejaa sakafuni. Yeye alikuwa jikoni, shuka mabegani, akinywa chai ya tangawizi.

"Umeanguka wapi?" nikamuuliza.

"Sikuanguka. Nimebatizwa."

Nikaweka kikapu chini. "Na nani?"

"Na mchungaji. Nilimpigia simu asubuhi, akaja."

"Wengine walikuwa akina nani?"

"Hakukuwa na wengine."

"Mbona hukuniita? Nimeingoja siku hii tangu nywele zangu zikiwa nyeusi!"

Akanipa nafasi ya kuketi. Macho yake yalikuwa mekundu, nadhani si kwa chumvi peke yake.

"Ningekuita, ningekuwa nakutazama wewe," akasema. "Nilitaka mara moja tu nimtazame yeye."

Nilikwenda barazani, nikashika ile nguo mbichi. Nitakuwa mkweli: kwa kitambo kidogo iliniuma. Miaka yote ile ya maombi, na ilipofika saa yenyewe nilikuwa mahali pengine nachagua iliki. Lakini nikiwa pale, maji ya shati yakinidondokea miguuni, ikaja juu yangu heshima kubwa ambayo hata leo haijaniondoka. Kilichopita baharini kilikuwa kati ya wawili. Mungu alimwita mtu mmoja, na mtu huyo akaitika kwa kinywa chake mwenyewe, bila mke, bila kwaya, bila picha. Kama ningekuwepo, nisingejua kamwe kama ameitika kwa ajili ya Mungu au kwa ajili yangu. Sasa najua. Nikaanguka magotini palepale kwenye mchanga aliouleta, nikashukuru kwa kutoalikwa.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu aliyekuachia hiari yako akulinde usiiuze kwa woga wala kwa haya. Wale unaowaombea awafikie kwa njia usiyoijua, na akupe moyo wa kutulia wakati hujaitwa kushuhudia. Na siku utakapomjibu, jibu lako liwe lako, naye alipokee kwa furaha. Amina.