Panjabi Tatu za Rangi Moja

Mama yangu ameshona nguo za harusi za Wahindi tangu mimi sijazaliwa, na mpaka mwaka wa tisini na tisa hakuwa amekaa kwenye harusi yao hata moja. Nalisema hili mwanzo kabisa, maana asiyelijua atadhani hapa nahadithia nguo tu.

Kazi yake ni blauzi za sari. Wanawake wa Kihindi humletea kitambaa, naye hukata, hushona, hutia vile vifungo vidogo vya mgongoni vinavyomtoa machozi, kisha hupiga pasi, hukunja, na kuzipeleka kwa mlango wa nyuma, ule wa jikoni. Hurudi kwetu Kibokoni na mfuko mtupu. Kesho yake harusi, na sisi twaona magari tu yakipita yamepambwa maua. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza, "Mama, zikivaliwa huwaje?"

"Mimi nazijua zikiwa kwenye hanga," akasema, akaendelea kukanyaga cherehani.

Sasa mwaka huo rafiki yangu akaposwa. Huyu tulikaa dawati moja miaka yote minne ya sekondari. Kwao ni Wahindu, wanakaa ghorofani mtaa wa pili, lakini kwetu alikuwa ashakuwa mtoto wa nyumbani. Hata harusi ya binamu yangu alikatiwa sare pamoja na sisi. Kwetu jamaa za bibi harusi hununua kitambaa kimoja na kushona mtindo mmoja, wakiingia watu wajue hawa ndio wenyewe. Yeye alivaa ile sare ya zambarau mpaka ikapauka.

Alileta kadi mwenyewe. Nyekundu, ina nyuzi za dhahabu, nzito kama kigae. Nje imeandikwa "Fundi na Familia". Mama alikwenda kunawa mikono kwanza ndipo akaishika.

"Hini ni yangu?"

"Yako, Mama. Na siku hiyo usije na mfuko. Uje na miguu yako, ukae."

Mama aliitia kadi kabatini, chini ya nguo zake za Idi, na mara tatu jioni ile nilimwona akifungua kabati bila kutoa chochote. Mimi nikaapa moyoni kwamba mama yangu atakwenda pale, atapita mlango wa mbele, atakaa kwenye kiti kama mgeni yeyote. Hilo tu ndilo nililotaka. Nililitaka mpaka nikawa sili vizuri.

Tatizo likawa nguo. Mtu atasema, fundi akose nguo? Ndiyo. Mwezi ule meza ilijaa blauzi za watu mpaka hakukuwa na pa kuweka kikombe. Na vile vitambaa vya kutariziwa vilivyokuwa madukani, ukiuliza bei moja wajuta kuingia. Mama akasema atavaa gauni lake la Idi. Nikamwambia gauni la Idi lina miaka mitano na sote twalijua.

Kaka yake bibi harusi ndiye aliyetuokoa. Ana duka la vyombo vya umeme Makadara, na nyuma ya duka ameweka kompyuta iliyoungwa na simu. Akaniambia kuna duka la nguo Bombei linaonyesha bidhaa zake kwenye intaneti, na bei za huko ni za huko. Mwenzake wa biashara angetulipia kule, sisi tumrudishie yeye hapa, na mzigo uje pamoja na vitu vya harusi.

Nilitaka twende saa ile ile. Mama akataka kwanza amalize mikono ya blauzi mbili. Kisha mama mdogo, nduguye mama, akasema na yeye yuwaja, hawezi kuachwa kwenye mambo kama haya. Kufika Makadara ni mwendo mdogo tu lakini siku ile niliona kama twakwenda Hija.

Tukakaa watatu mbele ya ile kompyuta. Kaka akabonyeza kitu, simu ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia, mama mdogo akajishika kifua. Halafu kimya. Kisha kwenye kioo pakatokea mstari mwembamba wa rangi. Ukashuka chini yake mstari mwingine. Nywele. Paji la uso. Nyusi.

"Mbona hana mwili?" mama mdogo akauliza.

"Ngoja, Mama. Yuwaja polepole," Kaka akasema.

"Atoka Bombei kwa miguu?"

Nilicheka. Pua ikaja, shingo ikaja, mkufu, na hapo ndipo nguo ikaanza kushuka, kijani ya jani la mnazi bichi, kifuani maua madogo ya dhahabu yaliyotariziwa kwa nyuzi, mengi mpaka huwezi kuhesabu. Ilikuwa panjabi: kanzu ya magotini, suruali yake, na mtandio mrefu. Mwanamke mzima alikuwa amesimama ndani ya kisanduku nyuma ya duka la nyaya za umeme, na alikuwa ametoka ng'ambo ya bahari wakati sisi tumekaa. Mimi nimesoma jiografia, najua Bombei iko wapi. Siku ile nikaona kwamba kujua pale ilipo si kitu.

Mama akanyosha kidole, akakigusa kioo pale kwenye pindo.

"Hakishikiki," akasema, kama anayetoa pole.

"Ni picha, Mama!" Mimi sina subira, na nilimwonea haya mbele ya Kaka.

"Najua ni picha. Nguo hainunuliwi kwa macho, mwanangu." Akasogea karibu mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo. "Na hili bega la kushoto limeshonwa kombo."

Kaka akatazama, mimi nikatazama. Hatukuona kombo lolote.

Chini ya picha palikuwa na maandishi. Ukichukua tatu za namna moja na rangi moja, bei ya kila moja yashuka karibu nusu. Nilipowasomea, mama mdogo akapiga kofi.

"Sare! Dada, Mungu atupe nini tena? Rahisi, na sare!"

Mama akatabasamu, mara ya kwanza tangu tukae. Bila shaka sare. Hakuna aliyewaza lingine. Tungeingia watatu wa kijani, na watu wajue hawa ni wa bibi harusi.

"Tatu zote sawasawa?" Kaka akauliza. "Mna hakika?"

"Hakika," nikasema upesi, nikiogopa simu itakatika.

Akainua mabega. Yeye ni mwanamume, nguo za wanawake atajuaje. Lakini yale mabega nimeyakumbuka mara nyingi.

Akataka vipimo. Mama akavitoa kichwani bila futi, vyetu sote watatu, kifua, kiuno, mkono, na Kaka akaviandika na kuvituma. Mama akauliza vimeshafika. Akaambiwa vimefika.

"Kifua changu kiko Bombei sasa hivi?"

"Kimekutangulia, dada," mama mdogo akasema, "na hata pasipoti hakikuulizwa." Tukacheka mpaka mteja mmoja wa taa akachungulia.

Nyumbani nikawakataza wasimwambie rafiki yangu. Nilitaka atushangae siku yenyewe. Akiniuliza nitavaa nini, namwambia utaona. Lau ningemwambia, haya mengine yasingetokea, na mpaka leo sijui kama najuta.

Mzigo ulifika wiki moja kabla ya harusi. Mama alifumba macho kwanza, akapitisha kitambaa kati ya vidole.

"Si hariri," akasema. "Lakini si uongo pia." Kisha akafumbua macho, akageuza kanzu ndani nje na kunionyesha bega la kushoto. Lilikuwa kombo. Ya pili pia kombo. Ya tatu kombo. Alikuwa ameliona kupitia kioo na bahari nzima. Nilimtazama mama yangu kama vile ndio kwanza nimejulishwa kwake. Yeye alikuwa ashachukua wembe, afumua mabega yote matatu ayashone upya.

Harusi ilikuwa asubuhi, kwenye ukumbi wa jamii yao. Tukavua mabuibui varandani, tukajitanda mitandio vizuri, mama mdogo akatupaka udi wa mafuta nyuma ya masikio, tukaingia mlango wa mbele. Nilihesabu hatua za mama. Ya kwanza ndani, ya pili ndani.

Sijawahi kuona kitu kama ule ukumbi. Wanawake mia na zaidi, na hapakuwa na sari mbili za kufanana. Hata mbili! Manjano na waridi, bluu ya tausi, chungwa, fedha, kila mmoja amekwenda kutafuta yake peke yake ili asifanane na mtu. Nilisimama nimeachama. Na katikati ya kuachama kule, nikawaona wasichana wanne wakipita na masinia ya sharubati, wamevaa panjabi za rangi moja, mtindo mmoja. Ndio pekee waliofanana humo ndani. Wao, na sisi.

Nikaelewa, lakini nilichelewa. Mama mmoja wa makamo, mwenye orodha mkononi, alikuwa ashatufikia, jasho lamtiririka.

"Nyinyi ndio wahudumu wa kijani? Mmechelewa sana! Shika, anza na safu ile." Akamkabidhi mama sinia la glasi, akaenda zake mbio.

Hakuwa na ubaya, alikuwa na kazi nyingi tu. Na mama alishapokea. Miaka yote mikono yake hupokea kitu kutoka kwa wanawake wale, ikapokea kabla yeye hajafikiri.

"Mama, liweke chini," nikasema. "Liweke. Wewe ni mgeni. Kadi iko wapi? Nipe kadi niwaonyeshe."

"Polepole, watu watazama."

"Na watazame!"

"Dada, lete mimi nishike," mama mdogo akasema. Mzaha wote umemtoka.

Mama akatuacha tumesimama, akaenda na sinia kwenye safu. Nilitaka kulia, nilitaka kuipasua ile panjabi. Nikamfuata nimnyang'anye. Nilipomfikia nikasikia ananong'ona.

"Hini yangu." Mbele yake mwanamke wa sari ya chungwa achukua glasi. "Hini yangu. Ile ya bluu yangu pia, niliifumua mara mbili. Tazama mkono ulivyokaa." Akasonga. "Hini si yangu." Akasonga. "Yangu."

"Mama..."

"Sijawahi kuziona zikiwa na watu ndani," akasema. Macho yake yalikuwa makubwa kama ya mtoto. Mgongo mmoja uliinama kuokota mtoto, vifungo vyote kumi vikashika, na mama akavuta pumzi kama mtu aliyeona mwezi wa Ramadhani.

Sikumnyang'anya. Nilibaki nyuma yake, hasira bado imenikaba, natembea naye safu ile kama nilikuwa ndani ya kichwa chake, kila mgongo niujue.

Ndipo zumari ikalia, watu wakainuka, na bibi harusi akaingia ameshikwa mkono na mjomba wake. Sari nyeupe yenye pindo jekundu, dhahabu mpaka kwenye paji la uso, na ameinamisha macho kama walivyomfundisha. Alipofika usawa wetu akaona kijani. Akainua uso. Akaniona mimi, akamwona mama mdogo kule mlangoni, akamwona mama na sinia.

Akasimama. Mjomba akamvuta kidogo, yeye hakuondoka.

"Mama," akasema kwa Kiswahili, ukumbi mzima wasikia, "kwani nani amekupa hilo?"

Bibi harusi akawageukia watu wake, akasema maneno mengi ya haraka kwa Kigujarati. Mimi nilishika neno moja tu, sare, alilitaja mara mbili, na mkono wake wenye hina ulituonyesha sisi watatu, kisha ukagusa kifua chake mwenyewe. Kule mbele mama yake mzazi akaacha kiti chake. Akaja mpaka tulipo, sari yake ya waridi yaburura.

"Fundi, nipe," akasema. "Nipe mimi."

Akalichukua lile sinia. Hakuwa na pa kuliweka, akabaki amelishika yeye mama wa bibi harusi, mpaka mama mwenye orodha akaja mbio kumtua, uso umemwiva. Tukapelekwa mbele. Tulikalishwa safu ya pili, nyuma tu ya bibi yake bibi harusi, kikongwe ambaye alishika ncha ya mtandio wangu, akaisugua kwa vidole na kumtingishia mama kichwa.

Moto ukawashwa, wakaanza kuuzunguka. Mama hakupepesa. Nilijua anatazama blauzi nyekundu, aliyoishona kwa usiku kumi na moja, ikizunguka ule moto juu ya mtu anayempenda.

Katikati ya hayo msichana mmoja wa wale wa kuhudumu akainama mbele yake na sinia la sharubati. Mama, bila kuondoa macho kwenye moto, akanyosha mikono miwili akalishika lote.

"Glasi moja, mama," msichana akamnong'oneza, akicheka. "Si sinia."

Mama akashtuka, akaliachia. Akachagua moja, akaishika kwa vidole vitatu kama wale wanawake wengine, akanywa.